Mji Mdogo wa Mamaangu

Mamaangu alianza kusahau Kiswahili kabla hajatusahau sisi. Kilimtoka jikoni kwanza, neno moja moja. Siku moja alisimama katikati ya jiko letu la Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, mikono inazunguka hewani kama anayekuna nazi, akawa anatafuta jina la mbuzi. "Hicho," akaniambia. "Hicho cha kukalia." Nikamwambia ni mbuzi, na kwamba mbuzi hatunayo tena, tui siku hizi twanunua la kopo. Akacheka sana, nami nikacheka. Baada ya wiki chache likamtoka neno la sufuria, kisha la chumvi, na hapo hatukucheka tena.

Asiyetujua atadhani nasimulia habari za bibi wa Kizanzibari. Mamaangu alikuwa Mwingereza. Alizaliwa katika mji mdogo wa mashambani, mji ambao hata Waingereza wenyewe ukiwatajia huuliza uko upande gani. Babaangu alizaliwa Unguja katika ukoo wa Kiomani, akaenda Uingereza kusomea uhandisi wa maji, na baada ya mapinduzi hakuwa na pa kurudi. Akapata kazi ya kutandaza mabomba katika vijiji vya huko, akapanga chumba kwa mjane mmoja katika mji huo. Binti wa mjane alifanya kazi maktaba. Baba alikuwa anaazima vitabu asivyovisoma, mpaka siku binti alipomwambia, "Wewe hiki ulishakichukua mara mbili." Hivyo ndivyo walivyoanza.

Oman ilipofunguka na kuwaita watu wake, wakaja. Mama alisilimu Mutrah, katika nyumba ya kupanga, mbele ya bibi yangu mzaa baba. Bibi hakujua neno la Kiingereza, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu, kwa hiyo mkwe akajifunza Kiswahili, hapakuwa na njia nyingine. Alijifunza akiwa ameketi chini kwenye mkeka, anachambua mchele. Alikisema cha Vuga, cha mjini Unguja, na "nnakwenda" yake na "n'shakula" yake, na "ghali" na "khatari" zikitoka kooni sawasawa. Wageni waliokuwa wakimsikia kwa simu wakija nyumbani humtafuta mwenye sauti, wakimwona yeye huangalia nyuma yake.

Sisi watoto tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu mdogo. Wakati wa kula mchana mama hutusimulia mji wake. Katikati kulikuwa na uwanja wa soko wenye mawe chini, na jengo la zamani limesimama juu ya nguzo, pembeni pana hodhi la mawe walikokuwa wakinyweshwa farasi. Jumatano kulikuwa na soko. Posta ilikuwa mkabala na muuza nyama, benki ilikuwa mkabala na muuza mkate, na maktaba ilikuwa katika ghala la nafaka la zamani, kuta zake bado zinanuka shayiri siku za mvua. Kanisani palikuwa na kengele inayochelewa, na watu wakaizoea hivyo hivyo, wakawa wanachelewa pamoja nayo. Mwisho wa kiangazi wakifanya maonyesho ya maua na mboga, na wazee wazima wakigombana na kununiana mwaka mzima kwa sababu ya vitunguu. "Huhitaji gari," akituambia. "Kila kitu ni kwa miguu." Sisi tuliokuwa tukipelekwa kila mahali kwa gari tuliona ni ajabu kubwa.

Mimi nilikwenda mara moja tu, nikiwa msichana mdogo. Nakumbuka maji ya mtoni, baridi yake ilinifanya nilie, na nakumbuka muuza mkate akinipa andazi tamu lenye zabibu bila kuniuliza mimi ni nani. Akamwambia mama, "Huyu ana mdomo wako." Mama alitembea mji ule kama anayetembea nyumbani kwake gizani, hagusi ukuta. Bibi yangu wa huko alipokufa, mama hakurudi tena. Baba alikuwa ameanza kuumwa figo, na baadaye akafa, na baada ya eda mama alisema kaburi la mumewe liko hapa na yeye yuko hapa.

Kwa hiyo tulipoona Kiswahili kinaondoka, hatukujua kitu gani kitakuja mahali pake. Daktari alituambia kwa upole kwamba maradhi haya hula kuanzia juu. Kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Kiarabu kikaenda, Kiswahili kikafuata. Kikabaki Kiingereza, tena cha mashamba yao, chenye maneno ambayo mimi mwalimu wa Kiingereza wa miaka mingi sikuwahi kuyasikia. Mke wa kaka yangu akawa hawezi kuzungumza naye. Shangazi yangu, aliyemfundisha kupika samaki wa kupaka, akawa anakuja, anakaa, anamshika mkono, anaondoka. Waliobaki kusikilizana naye vizuri ni wajukuu, kwa sababu shule zao ni za Kiingereza. Lakini wajukuu walikuwa wanamwogopa.

Kisha akaanza kuuliza basi.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula. Alisukuma sahani, akakunja kitambaa vizuri, akanitazama kwa adabu kama mtu anayemtazama mwenye duka. Akasema kwa Kiingereza, "Ahsante sana, chakula kilikuwa kizuri. Basi linapita saa ngapi? Mama yangu atakuwa na wasiwasi."

Nikamwambia, "Mama, uko nyumbani."

"Hapana," akasema. "Wewe ni mwema, lakini hapa si nyumbani."

Tangu siku hiyo kila mchana alivaa viatu, akachukua mkoba, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Nje jua linapiga, gari zimelala chini ya vivuli vya mabati, hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Naye anangoja basi la mashambani lipite.

Tulikuwa na dada wa kazi kutoka Moshi, Mkristo, mama wa watoto wawili aliowaacha kwa dada yake. Alikuja kwa ajili ya kupika na usafi, ikawa kazi yake kubwa ni mama. Alimwita bibi, na mimi aliniita mama, ingawa tumepishana miaka michache tu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini aligundua kitu ambacho sisi hatukukijua. Nilirudi kutoka sokoni nikasikia sauti mbili zinaimba. Yeye alikuwa anapiga pasi, anaimba wimbo wa kanisa lao kwa Kiswahili cha bara, na mama kwenye kiti chake cha mlangoni alikuwa anaimba wimbo huo huo kwa Kiingereza, beti zote, hakosei hata neno moja. Mtu ambaye asubuhi ile hakukumbuka kijiko kinatumiwaje. Uso wake ulikuwa umefunguka. Nilisimama na mifuko mkononi mpaka wakamaliza.

Dada akaniona, akashtuka. "Nisamehe mama. Nilikuwa naimba peke yangu tu, bibi akadakia."

"Imba," nikamwambia. "Imba tu."

Ikawa ndiyo dawa ya mchana. Saa ya basi ikifika wanaimba, na basi linasahaulika. Lakini kaka yangu alikuja siku moja bila ya kupiga simu, akawakuta. Alinivuta hadi kwenye veranda na kufunga mlango wa kioo.

"Hivi ndivyo mnavyofanya?"

"Anatulia. Hebu mtazame."

"Mama ni Muislamu, dada. Zaidi ya miaka yetu sisi. Kahiji. Kafunga mpaka daktari alipomkataza. Sasa amekuwa hana akili, wewe unamrejesha huko?"

"Mimi simrejeshi. Yuko huko peke yake."

Kaka akafunika uso kwa mikono. Yeye ndiye aliyekuwa kipenzi cha mama, na ndiye wa kwanza kusahauliwa. Mama alikuwa anamwita bwana daktari. "Mimi nnataka mamaangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto niliyekuwa nikimpeleka shule. Tulikubaliana nyimbo ziwepo yeye kaka akiwa hayupo. Halikuwa jambo la kuridhisha mtu yeyote.

Wakati wa baridi, meli za watalii zinapoanza kuingia Bandari ya Sultan Qaboos, niliona nimtoe mama nje, nikampeleka Kornishi ya Mutrah, ile barabara ya ufukweni, apigwe na upepo. Dada alikuwa naye upande mmoja, mimi upande mwingine. Mbele ya soko watalii walikuwa wamejaa, wazee wa Kiingereza na kofia zao, wananunua ubani. Mama aliwasikia wakisema, akasimama. Sikumwona tena akisimama vile, wima, kama aliyeitwa. Akatutoka mikononi, akawaendea mzee mmoja na mkewe.

"Samahani," akawaambia. "Nyinyi ni wa kwetu. Basi linaondokea wapi?" Akawatajia jina la mji wake.

Mke wa yule mzee alimtazama, bibi wa Kiingereza amevaa baibui, akanitazama mimi. Nikampa ishara. Alikuwa mtu mwema, akaelewa upesi. Lakini jina lile lilikuwa limemfurahisha. "Oh, napajua!" akasema. "Dada yangu anakaa karibu na huko. Tulipita mwaka jana tu."

Mama alimshika mkono. "Uliiona maktaba?"

"Nadhani imefungwa, mpenzi. Kulikuwa na bango, wanataka watu wa kujitolea. Na benki imekuwa duka la mishumaa. Posta sasa ni kidirisha ndani ya duka la petroli. Tulitaka kunywa chai, hatukupata pa kuinywea. Lakini yale majengo ya mawe, jamani, bado mazuri sana."

"Na basi?"

Mume wake akacheka kidogo. "Basi walilifuta zamani, mama. Huko bila ya gari huendi kokote."

Alisema hivyo kwa wema, kama watu wanavyolalamikia mambo ya kwao wakikutana ughaibuni. Mama aliuacha mkono wa yule bibi polepole. "Nyinyi mnazungumzia mahali pengine," akasema. Akageuka na kuja kwetu, akanishika, na njia nzima ya kurudi hadi garini hakutazama bahari wala watu. Siku zilizofuata hakuvaa viatu. Hakukaa mlangoni. Dada alianza wimbo, mama akamtazama tu mdomo. Nimejiuliza mara nyingi kama alifahamu aliyoambiwa. Daktari alisema haiwezekani akumbuke, ni maradhi yanasonga mbele tu. Huenda ni kweli. Lakini mimi nilikuwepo, nilimwona alivyouacha ule mkono.

Baada ya hapo alisema maneno machache sana, na mengi hayakuwa na maana. Moja tu lilikuwa na maana, na alilirudia. Nilikuwa namchana nywele, nywele zimekuwa nyepesi kama pamba. Akasema, "Mniweke karibu na mama."

"Bibi yupi?" nikamuuliza kwa Kiswahili, kama mjinga, maana bibi yangu mzaa baba alizikwa hapa hapa, karibu na baba.

"Nyuma ya kanisa," akasema. "Upande wa mto."

Sikumwambia kaka. Nilikaa nalo kwanza. Kisha asubuhi moja nilipiga simu huko, kwenye ofisi ya kanisa la mji ule. Sijui nilitaka nini. Sikuwa na nia ya kumtoa mamaangu katika dini yake, na sikuwa na uwezo wa kuusafirisha mwili, na sikuwa na haki ya kuamua peke yangu. Nilitaka pengine mtu aniambie kwamba mahali papo. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya uzee. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema pole sana. Kisha akanieleza kwamba makaburi ya nyuma ya kanisa yalijaa, yamefungwa miaka mingi, hawazikwi watu tena. Wanaokufa mjini sasa wanapelekwa makaburi ya mji mwingine, ule mkubwa. "Hata sisi tuliozaliwa hapa," akasema. "Mimi mwenyewe sitalala hapa." Akaniuliza jina la ukoo wa mama, la kabla hajaolewa. Nikamtajia. Akasema hapana, halikumbuki, na kwamba wa rika lile waliobaki hawapo tena mjini, wengi wako katika nyumba za wazee huku na kule. Akanishukuru kwa kupiga simu.

Nikamwambia kaka jioni ile ile, yote, pamoja na simu. Nilitegemea ghadhabu. Alikaa kitako sakafuni, kando ya kiti cha mama, mgongo umeegemea ukuta.

"Kwa hivyo hata tungetaka," akasema.

"Hata tungetaka."

"Mimi nisingetaka."

"Nnajua."

"Lakini nilidhani papo," akasema. "Nilidhani siku zote papo."

Mama alikuwa ameketi kitini, mkono wake umeanguka karibu na kichwa cha kaka. Hakuuinua. Kaka aliutazama kwa muda kisha akauinua mwenyewe, akauweka juu ya kichwa chake, na ulipoteleza akauacha.

Mama alikufa joto lilipoanza. Alikuwa ameacha kumeza. Sote tulikuwepo, mimi, kaka, shangazi, na dada wa Moshi aliyesimama mlangoni kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kuingia, na sikuwa na nguvu za kumwita. Kaka alikaa upande wa kichwani, akamwinamia sikioni, akaanza kumtamkia shahada, taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayemlisha mtoto. Akatamka, akangoja. Akatamka tena. Mama alikuwa anatazama midomo yake. Kuna wakati midomo ya mama ilisogea. Pumzi ilitoka, na ndani ya pumzi kulikuwa na kitu kama mwanzo wa neno, lakini la lugha gani sikujua, na sitajua.

Kaka akanyanyua uso, machozi yanamtiririka. "Kasema," akaniambia. "Dada, umesikia? Kasema."

Shangazi akaniangalia.

"Nimesikia," nikamwambia.

Tulimwosha mimi na shangazi, tukamvika sanda, na alasiri ile ile wanaume wakamchukua. Hapa wanawake hatuendi makaburini siku ya mazishi. Nilibaki na nyumba imejaa watu, kahawa inazungushwa, wanawake wananiambia kafa vizuri, kafa kwao, katika dini yake, kati ya watoto wake, unataka nini zaidi. Walikuwa wakweli wote. Mmoja, aliyekuwa jirani yetu Mutrah zamani, alisema hajapata kusikia mgeni anayekisema Kiswahili kama mamaangu. Niliondoka nikaenda jikoni, nikamkuta dada anaosha vikombe vilivyokuwa safi.

"Mama," akaniambia, "bibi aliuliza tena jana basi linapita saa ngapi. Sikutaka kukuambia."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia linakuja."

Dada amesharudi Moshi sasa. Aliniuliza kama nataka abaki, nikamwambia aende kwa watoto wake, hapa hakuna tena mtu wa kumwangalia. Baada ya miezi kadhaa nilimwomba kaka anipeleke nikamzuru mama. Tulikwenda asubuhi, kabla ya jua kali. Makaburi yetu ni ya kawaida ya hapa, ardhi ya changarawe imeinuka kidogo, mawe mawili kwa mwanamume, matatu kwa mwanamke, hayajaandikwa kitu. Kaka alitangulia. Alipita mstari mmoja, akarudi, akapita mwingine. Walikuwa wamezikwa wengi tangu siku ile. Nilimwona anahesabu kitu kichwani, kutoka ukutani, kutoka mti mkavu, kisha akasimama.

"Ni hapa," akasema. Akapiga hatua moja pembeni. "Au hili. Nilikuwa nimebeba jeneza upande wa mbele, sikuangalia vizuri."

Nikamuuliza kama yupo mtu wa kumuuliza. Akasema yupo, lakini naye atakisia huku huku, hivi hivi. Tukasimama baina ya makaburi mawili yenye mawe matatu matatu, tukasoma Fatiha, kila mmoja akielekea upande wake. Joto lilikuwa limeshaanza kupanda kutoka kwenye changarawe. Kaka alifuta uso kwa kilemba, akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia nimemaliza, tukaenda garini.